Kabla ya Kutuma Ikisiri Kwenye Mkutano wa Mifumo ya Taarifa za Afya

Kila msimu wa mikutano ya kisayansi unapokaribia, kamati za maadili ya utafiti hapa Dar es Salaam hupokea maombi ya sura moja: takwimu zimekwisha kuchambuliwa, ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, imekwisha kuandikwa, siku ya mwisho ya kuituma ni keshokutwa, na mtafiti anaomba kibali cha haraka. Kibali cha namna hiyo hakipo. Kamati huidhinisha utafiti utakaofanyika, wala haina mamlaka ya kuhalalisha uliokwisha kufanyika, hata matokeo yake yawe mazuri namna gani.

Chanzo cha mkanganyiko tunakielewa. Wengi wa watafiti hawa hawamdungi mgonjwa sindano wala hawamhoji. Hutumia taarifa za MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, au za DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya, ambazo pengine huzijaza wao wenyewe kila mwezi, hata wakaziona kuwa ni zao. Si zao. Taarifa zilizokusanywa ili mgonjwa ahudumiwe zikipelekwa kwenye utafiti, matumizi yake yamebadilika, na ruhusa ya mdomo ya mganga mfawidhi haitoshi. Takwimu za jumla zisizogusa mgonjwa mmoja mmoja zaweza kusamehewa mapitio kamili, lakini anayeamua hivyo ni kamati, si mtafiti.

Hoja ya pili, ambayo tumeijibu mara nyingi kuliko tunavyopenda, ni ile ya "majina nimeyafuta". Jedwali lenye tarehe ya kuzaliwa, mtaa na jina la zahanati halihitaji jina la mtu. Mtoto wa miaka tisa mwenye himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), anayetibiwa katika zahanati moja ya Kigamboni, majirani watamtambua kabla hawajamaliza kusoma mstari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mtu binafsi anayezifichua kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili.

Waliopata cheti cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nao wasome masharti yaliyo chini ya jina lao. Humo imeandikwa kwamba taarifa ya maendeleo itatolewa kila baada ya miezi sita, na kwamba matokeo hayatachapishwa bila ruhusa ya taasisi hiyo. Wapo wanaodhani ikisiri si chapisho. Makala za MEDINFO, mkutano wa kimataifa wa mifumo ya taarifa za afya, kwa mfano, hutolewa katika mfululizo wa vitabu na kusomwa dunia nzima, tusidanganyane.

Kuhusu muda, baadhi ya mikutano hufunga mlango saa 23:59 kwa saa za mahali panapochelewa kuliko pote duniani, ambayo kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya siku inayofuata. Nafuu hiyo ni ya kusahihisha tahajia, si ya kutafuta saini. Cheti nacho hudumu mwaka mmoja, na maombi ya kukihuisha hupelekwa kabla hakijaisha, kwa kuwa takwimu zilizokusanywa katikati ya cheti kilichokwisha na kipya huhesabiwa kuwa zimekusanywa bila kibali, na haziingii kwenye ikisiri.