Geti likilia kila mtu kimya: maswali na majibu kuhusu nyumba tulizokulia

Mi ni nesi, nimekaa chumba cha ushauri nasaha hapa Dar miaka mingi sasa, na haya maswali nayasikia karibu kila wiki. Wengi hawaji nayo moja kwa moja, mtu anakuja na presha au hapati usingizi, ukimwachia nafasi aongee unashangaa mnazungumzia nyumba ya Tandika aliyohama tangu yuko darasa la saba. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtu asijulikane.

Swali: Nina miaka 34, mume wangu mpole hajawahi hata kunipandishia sauti. Lakini jioni nikisikia geti linafunguliwa moyo unaenda mbio, najikuta nafuta meza ambayo nilishaifuta. Naumwa?

Huumwi dada yangu. Nikamuuliza, kwenu aliyekuwa anafungua geti jioni ni nani? Akanyamaza, akacheka, alafu machozi. Kwao watoto walikuwa wanamjua baba kachukia au hajachukia kwa jinsi anavyosukuma geti, likisukumwa taratibu leo salama, likibamizwa redio inazimwa, mmoja anakimbilia daftari, mwingine anashika ufagio anafagia uwanja uliofagiwa saa kumi.

Sasa mtoto wa miaka 6 hajui homoni ni nini ila mwili wake unajua. Akistuka, zile tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, sukari inaongezeka kwenye damu, misuli inakaza tayari kwa mbio. Ukikutana na mbwa mkali njiani hiyo ni dawa kabisa, unaruka mtaro, mbwa anaondoka, mwili unatulia. Shida ni pale mbwa anapokuwa anaishi humo humo ndani na anarudi kila siku saa moja na nusu. Mwili unazoea kukaa macho, hauzimi kabisa, na miaka 25 baadae geti ni lingine, mwanaume ni mwingine, masikio ni yale yale.

Dawa ya kwanza ilikuwa kumwambia mume, maana yeye alikuwa anadhani mke hafurahi akimuona. Siku hizi akifika kwa mangi pale kona anaanza kupiga mluzi, hivyo mke anajua anayekuja ni nani kabla geti halijalia. (Mama mkwe kalalamika mluzi wa usiku unaita nyoka, hilo watalimaliza kifamilia.)

Swali: Kwahiyo mambo ya utotoni yanaweza kuleta mpaka magonjwa ya mwili?

Ndio, na sio maneno ya kijiweni. Miaka ya 1995 mpaka 1997 kule San Diego, Marekani, waliulizwa watu wazima zaidi ya 17,000: ulipokuwa mtoto ulipigwa, ulitukanwa, ulichezewa kingono, mama alikuwa anapigwa, kulikuwa na mlevi ndani, mtu kafungwa jela, na kadhalika. Ripoti ya kwanza ikatoka 1998. Aliyepitia aina 4 au zaidi, ukimlinganisha na ambaye hakupitia hata moja, hatari ya ulevi, madawa, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12. Na magonjwa ya moyo nayo yalionekana zaidi kwa waliopitia mengi. Sehemu ya sababu ni ile homoni isiyotulia, sehemu nyingine ni kwamba mtu anatafuta kitu cha kumtuliza, sigara, pombe, kula kula hovyo.

Ila usichukue hesabu hiyo ukaipeleka kwa jirani, "we kwenu baba alikuwa mlevi, una 4". Hayo ni matokeo ya kundi la watu, hayasemi wewe mmoja itakuwaje.

Swali: Mbona sisi wote tumechapwa na tuko fresh?

Hili huwa linaulizwa kwa sauti kubwa kidogo. Kweli tumechapwa, utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta karibu vijana 3 kati ya 4 walipata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya miaka 18. Hilo la kuwa fresh ndio nina mashaka nalo, maana anayeniambia hivyo mara nyingi kaletwa na mke wake.

Lakini kuna kweli ndani yake. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa 1955, karibu 700, na wale waliokulia kwenye shida nyingi, theluthi moja hivi walikua vizuri tu, wana kazi, wana familia. Kimojawapo walichokuwa nacho ni angalau mtu mzima mmoja wa kuaminika, awe bibi, mwalimu, au jirani. Hapa kwetu hamna asiyemjua mtu huyo. Wa kwangu alikuwa shangazi wa Buguruni, tukifukuzwa na fimbo tunakimbilia kwake, hasemi kitu, anakupa kikombe cha chai anaendelea kuchambua mchele.

Swali: Kwetu friji lilikuwa na kufuli. Nikaapa wanangu hawatanyimwa kitu, sasa mke wangu anasema nawaharibu.

Kaka, pole kwa lile kufuli. Ila angalia ulichofanya, baba yako alifunga kila kitu na we umefungua kila kitu, ramani ni ile ile umeigeuza tu juu chini. Bado unabishana na mzee, na watoto hawamjui huyo mzee mnaebishana nae. Miaka ya 1950 alikuja mtafiti Mary Ainsworth, akakaa vijijini karibu na Kampala kwa familia 26, anaangalia mama na vichanga. Akaona mtoto mwenye uhakika na mama yake anatambaa mbali, anachezea vitu, anageuka kidogo kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Mtoto anataka uhakika kwamba upo, biskuti sio lazima ziwe nyingi. Ukimkatalia soda huku umetulia na hujamtisha, hapo hujamnyima kitu.

Swali: Tumepanga chumba kimoja Manzese, watu sita. Hii inawaharibu watoto?

Chumba chenyewe hapana. Kinachowachosha ni kukosa usingizi na kelele, kwahiyo wapangie muda wa kulala na TV izimwe hata kama mpira haujaisha. Na angalia sana mtoto analala na nani, mgeni wa kiume au wa kike asilale nao eti kwa kuwa ni ndugu, maana wanaodhuru watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana.

Swali: Nitajuaje nahitaji msaada, na niende wapi?

Huzuni au hasira zikikaa zaidi ya wiki 2, usingizi hamna, kazi haziendi, unakunywa ili ulale, au unamuumiza mtoto, nenda. Ukiwaza kujiua nenda leo hii na usiende peke yako. Hospitali za hapa Dar kama Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko haimaanishi umechanganyikiwa. Mtoto akifanyiwa ukatili piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Swali: Jana nimemfokea mwanangu mpaka akajikojolea. Nilijisikia mama yangu kabisa anaongea kupitia mdomo wangu. Nifanyeje?

Mwanzo kabisa, umeligundua siku hiyo hiyo, mama yako labda hakuligundua mpaka leo. Hakuna nyumba isiyo na kelele, tofauti ni nyumba ambayo mtu mzima anarudi. Mama zetu walikuwa wanarudi kwa chapati. Anakuchapa jioni, kesho asubuhi hakuna neno, unakuta chapati ya moto imefunikwa sahani, "njoo ule". Ilikuwa ndio samahani yenyewe, na tuliipokea, lakini mtoto anakula hajui kosa lilikuwa la nani, anabaki anafikiri ni yeye. Kwahiyo rudi na maneno. Chuchumaa umfikie, mwambie, jana mama nilikasirika nikapiga kelele sana, ulichokosea ni kumwaga maziwa, kukufokea vile lilikuwa kosa langu, samahani. Fupi tu, usimlilie mpaka aanze yeye kukubembeleza.

Wiki iliyofuata akarudi kunipa majibu. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mama, akakaa kidogo, alafu akauliza chapati ipo au haipo.