Kijani cha Majilio: kwa nini matawi yasiyopukutika huashiria uzima wa milele

Majilio ni kipindi cha kujiandaa kwa Noeli. Huanza Dominika ya nne kabla ya sikukuu yenyewe, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo huchukua siku 22 kikiwa kifupi kabisa na siku 28 kikiwa kirefu kabisa. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani wana desturi ya kuweka kanisani na nyumbani matawi ya miti isiyopukutisha majani, mara nyingi yakiwa yamezungushwa kuwa shada lenye mishumaa minne. Matawi hayo ni alama ya uzima wa milele. Desturi hii imetoka Ulaya ya kaskazini, na ikiletwa Tabora au Kigoma bila maelezo, nusu ya maana yake hubaki njiani.

Kule Ulaya, Desemba ni mwezi wa baridi na giza. Mialoni na miti mingine ya majani mapana imekwisha kupukutika, imebaki fito tupu. Katikati ya fito hizo msonobari umesimama na majani yake. Nao huangusha majani, ila si kwa mkupuo mmoja: sindano moja hukaa mtini miaka miwili au zaidi, na inapoanguka nyingine zimeshaota. Tena sindano hizo ni nyembamba na zina ngozi ngumu yenye nta, hivyo hupoteza maji kidogo sana wakati ardhi imeganda na mizizi haiwezi kunyonya. Aliyeishi chini ya miti ile hakuhitaji kuhubiriwa sana. Alitazama dirishani akaona kilichokufa na kisichokufa, vimesimama pamoja.

Sasa tazama Tabora mwezi huohuo. Mvua zimeshaanza, miyombo na mininga imevaa majani mapya, mahindi yameota, hata kandokando ya reli ni kijani kitupu. Tawi la kijani Desemba halimshangazi mtu. Msimu wetu wa kufa ni Agosti na Septemba: mninga hauna jani, nyasi zimeungua, vumbi limetanda, na vilima vya Kigoma vinavyotazama ziwa vimegeuka rangi ya kahawia. Wakati huo ndipo miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji, pale ilipopita njia ya misafara kwenda Bagamoyo, inapoonekana ilivyo. Imefunga kivuli kizito kana kwamba hakuna kiangazi. Kigoma kuna na michikichi mabondeni, ambayo nayo haivui makuti yake. Kwa hiyo katekista anayefundisha alama hii huku kwetu aanze na Septemba. Awaulize watoto ni mti gani uliwapa kivuli mwezi huo, ndipo wataelewa kwa nini tawi linaingizwa kanisani.

Msingi wake katika Maandiko hauhitaji msonobari. Zaburi 1:3 yamfananisha mwenye haki na mti uliopandwa kandokando ya vijito vya maji, “wala jani lake halinyauki”. Yeremia 17:8 yarudia picha hiyo na kuongeza sababu: mti hauogopi hari kwa kuwa mizizi yake imeenea kando ya mto. Zaburi 92 yataja mtende na mwerezi. Ufunuo 22:2 una mti wa uzima unaozaa kila mwezi, na majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Katika Zaburi 1, Yeremia na Ufunuo uhai wa jani hutoka chini, kwenye maji, na mti haujitoshelezi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wakisema “uzima wa milele” kana kwamba ni kuishi miaka mingi isiyokwisha. Yohana 17:3 yasema ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Ni uhai unaotokana na kuunganika. Na shada la Majilio, ukilitazama vizuri, limetengenezwa kwa matawi yaliyokatwa. Baada ya wiki yataanza kukauka, kama Yohana 15:6 inavyosema juu ya tawi lisilokaa ndani ya mzabibu. Wapambaji huona aibu majani yakinyauka, ila mwalimu mzuri hayafichi: huliweka tawi lililokatwa karibu na dirisha ambalo mwembe wenyewe unaonekana nje, kisha hufundisha.

Kuna alama nyingine ya miti katika Majilio ambayo watu wa wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora wanaweza kuielewa haraka kuliko Mzungu yeyote. Ni ile ya Isaya 11:1: “Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese.” Ukoo wa Daudi, mwana wa Yese, ulikuwa umekatwa ukabaki kisiki. Wanaolima tumbaku hukata miyombo kwa ajili ya kuni za kukaushia, na kila mmoja anajua kwamba kisiki cha myombo hakifi kirahisi. Usipoking'oa, kitatoa machipukizi, mengi tena. Antifona (kiitikio kifupi) ya Masifu ya Jioni, sala rasmi ya jioni ya Kanisa, ya tarehe 19 Desemba humwita Kristo Shina la Yese. Ikiwa parokia ina nafasi ya kuweka kisiki chenye machipukizi kando ya shada, kiwekwe. Alama hizo mbili husaidiana: jani lisilopukutika husema uhai unadumu, kisiki husema uhai unarudi pale watu walipokata tamaa.

Shada lenyewe si la kale sana. Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri, alitundika gurudumu la mbao lenye mishumaa katika nyumba ya kulelea watoto maskini huko Hamburg mwaka 1839, ili watoto wahesabu siku zilizobaki. Mishumaa midogo ilikuwa ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Matawi mabichi yaliongezwa baadaye. Wakatoliki wa Ujerumani walilichukua karne iliyofuata. Mviringo husomwa kuwa alama ya Mungu asiye na mwanzo wala mwisho, na nuru huongezeka kila wiki.

Kuhusu Yeremia 10:3-4, fungu linalotupwa kila Desemba kwa wenye miti ya Krismasi kana kwamba linaukataza mti huo: linazungumzia mti unaokatwa msituni, ukachongwa na fundi kuwa sanamu, ukapambwa kwa fedha na dhahabu na kupigiwa misumari usianguke. Ni habari ya miungu ya kuchonga. Makanisa mengi ya Kipentekoste na Wasabato hawaadhimishi Majilio, nayo ni haki yao, lakini fungu hilo haliwezi kubeba mzigo huo.

Tuje kwenye kazi. Huku kwetu gurudumu lipo tayari: rimu kuukuu ya baiskeli. Rimu ya inchi 28 ina upana unaokaribia sentimita 65, inatosha kanisa la kigango, yaani tawi la parokia. Ya baiskeli ya mtoto, inchi 20, ina sentimita arobaini na kidogo, inatosha nyumba au jumuiya. Toa spoku zote, piga brashi kutu. Chukua makopo manne ya nyanya ya gramu 70, toboa kila moja matundu mawili ubavuni, lifunge kwenye rimu kwa waya wa kufungia nondo, kwa umbali ulio sawa. Jaza udongo mbichi wa mfinyanzi, simika mshumaa sentimita tatu ndani, acha ukauke siku mbili. Kopo hufanya kazi mbili: hushika mshumaa wima na huzuia nta moto isidondokee majani.

Katika kuchagua majani, chukua yaliyokomaa, ya kijani cha giza, yanayotoa sauti ukiyakunja. Majani machanga ya mwembe, yale laini yenye rangi ya shaba, hunyauka kabla ya jua kufika utosini. Mwarobaini unavutia kwa mbali lakini vijani vyake hudondoka upesi tawi likishakatwa, na kiangazi kikali huweza kuupukutisha, kwa hiyo hata kwa upande wa alama unapungukiwa. Paini na miti ya jamii hiyo hudumu zaidi, ila huwa na utomvu unaoshika moto upesi ikikauka. Kuti la mchikichi ni zuri, ondoa tu sehemu ya chini yenye miiba; tatizo lake ni kwamba waumini huliona na kuwaza Dominika ya Matawi. Kwa maoni yetu mwembe ndio chaguo la kwanza Tabora, kwa kuwa kila mtu ameuona ukishinda kiangazi.

Kata asubuhi kabla ya jua kuwaka, tawi limejaa maji. Desemba ni msimu wa embe, kwa hiyo chukua vitawi visivyo na matunda, na usivitoe vyote upande mmoja, maana mwembe huchanua kwenye ncha za matawi na ncha unazokata leo ni maua ya kesho. Kung'uta kwanza: sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota hupenda mwembe, nao wakiingia kanisani hakuna atakayesikiliza mahubiri. Utomvu unaotiririka kwenye kidonda cha tawi huunguza ngozi za watu wengine, basi uache uchuruzike chini, kisha nawa kwa sabuni. Ukitaka paini au mti wa porini, kumbuka kwamba kukata ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Omba kwa mwenye shamba.

Vitawi vikatwe urefu wa sentimita 15 hadi 20, vilazwe usiku kucha kwenye ndoo ya maji kivulini, miguu tu ikiwa majini. Asubuhi funga vitatu vitatu. Fungu la kwanza lilaze juu ya rimu na ulizungushie waya, la pili lifunike nusu ya la kwanza, na ncha zote zielekee upande mmoja hadi umalize mzunguko. La mwisho lichomekwe chini ya la kwanza. Rimu kubwa hula mafungu 25 hivi, yaani vitawi 75. Ndogo hula mafungu 16 au 17. Kosa la kawaida ni kufunga kwa kulegeza ukidhani majani yatajaza nafasi. Yakianza kukauka husinyaa, waya unalegea zaidi, na katikati ya wiki ya pili mafungu yanaanguka. Kaza.

Kwa kuwa ni msimu wa mvua, adui si ukavu peke yake. Kanisa lililofungwa wiki nzima wakati wa mvua lina unyevu, na majani yaliyopuliziwa maji mengi huota ukungu na madoa meusi. Nyunyiza kidogo tu, jioni moja moja, pahali penye hewa. Majani ya mwembe yabadilishwe kila Jumamosi. Kazi ya nusu saa ikiwa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au vijana wamejigawia zamu.

Mishumaa ni mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Dominika ya tatu. Ukikosa ya rangi, mweupe wa dukani uliofungwa utepe wa zambarau karibu na kopo unatosha. Jumuiya nyingi hukwama kwenye urefu. Shada likiwashwa dakika 15 kila siku katika Majilio ya siku 28, mshumaa wa kwanza utawaka kwa jumla ya saa 7, wa pili saa 5 na robo, wa tatu saa 3 na nusu, wa nne saa 1 na dakika 45. Kwa hiyo ule mrefu au mnene kuliko yote uwe wa kwanza, la sivyo utakwisha kabla ya Noeli. Mwali usikaribie majani chini ya sentimita tano. Ukifika hapo badilisha mshumaa hata kama kipande kimebaki. Usiache shada likiwaka chumba kikiwa hakina mtu.

Mahali pake ni karibu na mimbari, chini kidogo, lisizibe altare. Maelekezo ya Misale ya Kiroma (kitabu cha Misa), namba 305, yanataka mapambo ya maua katika Majilio yawe ya kiasi, ili furaha kamili ya Noeli isitangulizwe. Wiki ya kwanza ukishatundika taa za rangi na maputo, huna Majilio tena. Majani ya plastiki yanauzwa sokoni na hayahitaji maji, lakini hayanyauki kwa sababu hayakuwahi kuishi, na yakiguswa na mwali huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka.

Sikukuu ikipita, shada lililobarikiwa halitupwi jalalani. Majani huchomwa au kufukiwa, rimu na makopo huhifadhiwa. Familia nyingine huweka mche wa mwembe kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) kando ya shada badala ya kukata mti mzima wa Krismasi, na huupanda baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, mvua ikiwa bado ipo. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, chana kiriba bila kuvunja udongo wa mizizi, na acha mita 10 hadi mwembe mwingine. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, usifukiwe hadi kwenye kiungo, kiwe juu ya udongo. Uzungushie miiba siku hiyohiyo, maana mbuzi hawasubiri, na Juni mvua zikishakatika umwagilie, kwani hata mti usiopukutika hufa kiangazi cha kwanza ukiachwa bila maji.