Betri ya lithiamu polima haihifadhiwi ikiwa imejaa

Warushaji wengi wa ndege ndogo za umeme huchaji betri zote na kuziweka kabatini zimejaa, wakiamini ndivyo zinavyodumu. Wengine huzimaliza kabisa, desturi iliyobaki tangu enzi za betri za nikeli-kadimiamu. Kwa lithiamu polima, njia zote mbili zinafupisha maisha ya betri.

Seli, yaani kila kimoja cha vipande vinavyounda betri, ikijaa ina volti 4.2. Hapo kemikali zake hazitulii: kiowevu cha ndani huendelea kuvunjika polepole, gesi hujikusanya, na ukiibonyeza betri kwa kidole utahisi imetuna kama mto mdogo. Nguvu nayo hupungua, ndege ikawa inapanda kwa shida. Joto huharakisha yote haya, kwa hiyo tafadhali usiiache ndani ya gari juani. Ikishuka chini ya volti 3 kwa seli pia huharibika, na chaja nyingi hugoma kuichaji.

Ihifadhi kwenye volti 3.8 hadi 3.85 kwa seli. Betri ya seli tatu isome takriban 11.4 hadi 11.55. Chaja nyingi za kisasa zina mpangilio maalumu wa kuhifadhi. Utumie hata kama hutarusha kwa siku chache tu, kisha weka betri mahali pa baridi kiasi, mbali na vitu vinavyoshika moto.