Jina la elementi lina sehemu mbili: kusoma faili za GPX kwa uangalifu

Data nyingi ninazopokea kutoka kwa wenye boti wa Mwaloni Kirumba na wa upande wa Ukerewe huja katika faili za GPX, yaani kumbukumbu za safari zilizonaswa na kifaa cha GPS au simu na kuandikwa kwa XML, lugha ya kupanga data katika elementi, yaani vipande vinavyofunguliwa na kufungwa kwa alama za mabano. Kwa kuwa maandishi yake yanasomeka kwa macho, waandishi wengi wa programu hushawishika kuzichambua kwa kukatakata mistari na kutafuta mabano. Mimi siruhusu jambo hilo katika kazi zangu. Kanuni za XML, zilizopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, zinaruhusu faili mbili zenye maana ileile ziandikwe kwa sura tofauti: atributi (sifa zinazoandikwa ndani ya alama ya kufungua) zikiwa katika mpangilio wowote, alama za kunukuu zikiwa moja au mbili, elementi tupu ikifungwa kwa namna mbili. Kichanganuzi halali, yaani programu ya kusoma XML, kinayajua yote hayo. Mkato wako wa mistari haujui.

Hata hivyo, kinachowasumbua zaidi hata wanaotumia kichanganuzi ni nafasi za majina (namespaces), yaani anwani zinazotofautisha maneno yanayofanana. Faili ya GPX 1.1 huanza na tamko `xmlns="http://www.topografix.com/GPX/1/1"`, na kuanzia hapo kila elementi iliyomo isiyo na kiambishi (herufi za kutanguliza jina), kama `<trkpt>` ya nukta ya safari, ina jina lenye sehemu mbili: anwani hiyo pamoja na neno `trkpt`. Ukiuliza kwa XPath 1.0, lugha ya kutafuta ndani ya XML, `//trkpt`, umeomba elementi isiyo na nafasi ya majina kabisa, nayo haimo. Hupati kosa lolote. Unapata orodha tupu, na ripoti inayosema kwamba boti haikutoka. Dawa yake ni kusajili kiambishi chochote upendacho, tuseme `g`, ukifunge kwenye anwani ileile, kisha uulize `//g:trkpt`. Anwani hiyo haifunguliwi mtandaoni. Inalinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo anayeongeza "s" kwenye `http` kwa nia njema anakuwa ametaja nafasi nyingine. Atributi zisizo na kiambishi, kwa upande wake, hazirithi nafasi hiyo, ndiyo maana tunaandika `@lat` na wala si `@g:lat`.

Wapo wanaokwepa usumbufu huu kwa `local-name()`, inayotazama neno peke yake bila anwani. Sioni kama ni busara, kwa sababu ndani ya `<extensions>` kila mtengenezaji huweka elementi zake. Garmin, kwa mfano, wana `depth` na `wtemp` za kina na joto la maji, vipimo vyenye thamani kubwa ziwani, na hakuna kinachomzuia mtengenezaji mwingine kutumia neno hilohilo kwa kipimo tofauti.

Wakati wa kuandika faili, tumia maktaba, usiunganishe maneno kwa mkono. Boti ikiitwa "Baba & Wana", alama hiyo isipogeuzwa kuwa `&amp;`, kichanganuzi kinalazimika kusimama papo hapo.

Yako pia makosa ambayo XML haiwezi kuyaona. GPX huweka latitudo na longitudo katika atributi zenye majina, lakini KML, muundo mwingine wa faili za ramani, huandika namba mfululizo, longitudo ikitangulia. Anayezigeuza huhamisha boti iliyokuwa karibu na Mwanza, kwenye -2.5 na 32.9, akaipeleka mashariki mwa Moroko, na skima, yaani kanuni za muundo wa faili, inakubali kwa kuwa namba zote mbili ziko ndani ya mipaka halali. Kwa hiyo baada ya kusoma ninahakiki kwamba kila nukta iko kati ya takriban nyuzi 0.5 kaskazini na 3 kusini, na kati ya 31.5 na 35 mashariki, yaani eneo la Ziwa Victoria.

Muda nao hudai uangalifu, maana `<time>` ya GPX huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na saa sita ya usiku ya UTC ni saa tisa ya usiku kwetu, nyavu zikiwa bado majini. Ukipanga safari kwa tarehe iliyoandikwa kwenye faili, usiku mmoja wa uvuvi unageuka safari mbili, na hata kuhamishia saa za Afrika Mashariki hakutoshi kwa kuwa tarehe yetu nayo hubadilika wakiwa ziwani. Mimi hutenganisha safari kwa mapengo marefu kati ya nukta, na tarehe ya safari huwa ni ile ya nukta ya kwanza, kwa saa zetu.