Pilipili haichimbi kidonda tumboni

"Daktari, pilipili nimeacha, ndimu nimeacha, na vidonda vya tumbo bado vinanitesa." Maneno haya nayasikia kliniki karibu kila siku. Juzi yametoka kwa mzee aliyekuja viganja vimempauka, anahema kwa kupanda ngazi chache tu. Nikamwomba anionyeshe dawa zote anazotumia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Ya magoti hiyo, akasema. Anameza kila asubuhi, mwaka sasa, na anashushia na maziwa ili kulinda tumbo. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa siku nne, ishara ya damu inayovuja tumboni. Hakulitaja hilo mpaka nilipomuuliza.

Pilipili inawasha, na mwenye kiungulia inaweza kumzidishia. Kuchimba kidonda haiwezi. Kidonda ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo au wa duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), na mara nyingi chanzo chake ni kimoja kati ya viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Robin Warren na Barry Marshall walipomhusisha bakteria huyo na vidonda, kule Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi waliwapuuza. Mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani. Tuzo ya Nobel walipewa mwaka 2005. Miaka yote hiyo imepita, na mgonjwa bado anaambiwa aache pilipili na apunguze mawazo!

Na msiniambie kwamba mlichomwa sindano, kwa hiyo dawa haikupita tumboni. Diklofenaki hudhuru kupitia damu: inapunguza prostaglandini, zile zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kuukinga na asidi. Ichomwe au imezwe, ute unapungua. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo linamwaga asidi zaidi.

Mpimwe bakteria huyo kabla ya kumeza dawa yoyote ya vidonda. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi ndicho ninachokiamini. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki 2 kabla ya kupima na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya bakteria, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishakufa. Nimeona watu waliotibiwa mara tatu kwa sababu ya karatasi ya majibu hayo ya damu. Dozi ya kumuua bakteria mara nyingi ni ya siku 14, na siku ya tano maumivu yakiisha, bakteria bado yupo. Maliza, kisha rudi upimwe tena baada ya wiki 4.

Tena si kila moto wa kifuani ni vidonda. Asidi ikipanda kwenye umio, hicho ni kiungulia, na matibabu yake ni mengine. Anayejua kwa hakika kama una kidonda ni aliyekiona kwa endoskopi, kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Na si vidonda tu vinavyokosewa. Macho yakigeuka njano, watu husema homa ya manjano. Hiyo ni homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Njano ya macho peke yake ni dalili tu, na inaweza kutoka kwenye ini, kwenye mirija ya nyongo iliyoziba, au kwenye damu inayovunjika kwa wingi.

Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida.

Na damu kwenye choo isiitwe bawasiri kabla hujachunguzwa. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na mara nyingi haiumi inapoanza. Aliyepaka dawa ya bawasiri mwaka mzima bila mtu kumkagua, namwomba aje wiki hii.