Kupita ukaguzi uwanja wa ndege si ruhusa ya kuvuta vepu uendako

Wavutaji wengi wa vepu, yaani sigara za kielektroniki, hujipa moyo hivi: “Wameikagua uwanjani wakaniachia, basi ni halali.” Sivyo. Mkaguzi anatafuta kinachoweza kuhatarisha ndege. Sheria za nchi uendayo si kazi yake. Ndiyo maana tangu 2015 kifaa hiki hakiruhusiwi kwenye begi linalowekwa tumboni mwa ndege, ila hubebwa mkononi: betri yake ya lithiamu ikiwaka kule chini, nani ataizima?

Ukitua, mambo ni mengine kabisa. Singapore, kuwa nayo tu ni kosa tangu 2018, hata kama hujaivuta. India ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji mwaka 2019. Thailand ilizuia uingizaji tangu 2014, na hapo ndipo wageni hunaswa, kwa sababu huziona zikiuzwa mitaani wakadhani zimeruhusiwa. (Muuzaji hatakutetea.) Hong Kong, abiria anayebadilisha ndege bila kupita uhamiaji hana shida, lakini akitoka nje nayo, ameiingiza kinyume cha sheria iliyoanza kutumika 2022.

Kwa nchi hizo, iache nyumbani, pamoja na vimiminika vyake.