Kale kadude ka kuchomeka chini ya volani hakapunguzi esansi

Yaya yangu iko na gari ya Toyota IST, volani kuume kama gari nyingi za huku kwetu Bukavu, na mwezi uliopita alirudi na kadude kamoja alikanunua dola 10 pale Nyawera, unakachomeka chini ya volani kanaanza kuwaka taa ya kijani. Muuzaji alimwambia "mukubwa, utapunguza esansi asilimia 35, kanaongea na ordinateri ya motere".

Kanaongea? Sawa, nilichukua turnevisi nikakafungua. Lile tundu la gari, lenye fundi anachomekaga mashini ya kupima (OBD), liko na mashimo 16, la 16 linaleta umeme wa batiri, la 4 na la 5 njo masi, na maneno ya ordinateri yanapitia la 6 na la 14, ao la 7, kufatana na gari. Ndani ya kadude nilikuta plake ndogo, taa tatu, rezistansi kidogo, kabutoni, na chipu moja. Nilifata njia zake na lupe: umeme na masi zinafika kwa taa, lakini yale mashimo ya maneno hayajaungwa na kitu, vyuma viko pale vya uso tu. Kwa hiyo kazi yake yote ni kukula umeme na kupepesa macho.

Yaya akasema "lakini mimi mwenyewe naona sindano ya esansi inachelewa kushuka!" Hapo njo watu wengi wanaanguka. Huku kwetu wapi utapata sehemu sawa ya kuparki? Ndani ya tanki kuko kibuyu kinaelea juu ya esansi, njo kinasukuma sindano, gari ikiinama esansi inakimbilia upande moja, basi sindano inasema ingine kabisa, yeye anaparki pua juu ku Kadutu, asubui anasoma robo, akifika chini kwenye tambarare anasoma karibu nusu. Tena anatiaga esansi ya dola 5, dola 5, nani atafanya hesabu hapo? Na karatasi ya kadude ilisema uendeshe kwanza kilometa 150 ili "kajifunze" gari yako, sasa hizo siku zote unaendesha polepole juu unakaangalia, pine hauchomi, klakson haupigi, na ukikuja kushtuka kama hakafanyi kitu muuzaji alishahama kona.

Tulipima vizuri: jaza tanki mpaka pompe ijikate, weka kilometa ku sifuri, endesha, rudi ku pompe ile ile ujaze tena, gawanya litre kwa kilometa kisha zidisha mara 100. Bila kadude tulipata litre 9,6 kwa kilometa 100. Na kadude 9,4, halafu tanki ya pili 9,8. Hiyo tofauti ni ambuteyaje (msongamano wa magari) ya Feu Rouge tu.

Sumaku zenye wanauzaga za kufunga ku tiyo ya esansi, nazo ni uongo ule ule. Sumaku haivuti esansi, na motere yenye iko muzima inaunguza karibu esansi yote tayari, yenye tunapoteza inatoka kama joto ku eshapma na ku radiateri. Ile chupa ya kutengeneza gazi ya maji nayo inachukua umeme wa alternateri, alternateri inazungushwa na motere, motere inakula esansi, unaona mzunguko wenyewe. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ilishachunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii na haikupata hata kimoja chenye kinapunguza esansi kwa kiasi cha maana.

Lakini yenye inaniuma zaidi haiuzwi hata: mashofere wanaotia puamori (kutoa vitesi) mukushuka, wengine wanazima motere kabisa, eti kuokoa. Ku gari ya enjeksio, ukishuka na vitesi na mguu haiko ku aksileratere, ordinateri inafunga esansi, unakula sifuri. Ukitia puamori motere inapaswa kujizungusha yenyewe, basi inakula. Halafu frein zinabaki peke yake kushika gari, zinapata moto, na ukizima motere volani inakua nzito na pedali ya frein inakua jiwe kisha kuikanyaga mara mbili tatu. Mukushuka kwa Bukavu, jamani!

Mafundi watanikasirikia kwa hii ingine: filtre ya hewa ikiwa chafu, ku gari ya enjeksio, inapunguza nguvu ya kupanda zaidi kuliko inavyoongeza esansi. Ku karbirateri ya zamani njo ilikua inakula sana. Pine zenye kukosa hewa zinaongeza esansi kidogo, psi 10 chini ku pine zote ni karibu asilimia 2, na motere kuwaka gari imesimama inakula nusu litre mpaka litre moja kwa saa. Si maajabu, lakini ni ya bure.

Yaya amekataa kukachomoa. Anasema usiku funguo ikianguka, kanamumulikia.